Mweka Hazina Mwenye Meno Meusi

Kamati za harusi za Watanzania huku Uingereza hazijapungukiwa na kitu. Mwenyekiti yupo, katibu yupo, kadi za michango zipo, na wapo wanaoahidi pauni 200 kikaoni kisha simu zao hazipatikani. Mimi nilipewa uweka hazina kwa sababu moja iliyotamkwa mbele ya watu: "Huyu kijana hanywi." Nakunywa kidogo, ila sifa ikishaingia kwenye muhtasari nani ataitoa?

Ugomvi ulianzia kwenye fungu la vinywaji. Bwana harusi alitaka waini nyekundu kila meza. Shangazi wa bibi harusi akasema watu wazima watakunywa soda na hakuna atakayekufa. Mzee mwenyekiti, mtu wa Dodoma, akataka tuagize mvinyo wa kwao. "Sisi tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Hao Wafaransa wenu mara moja, tena wakijitahidi." Hoja ilipigiwa makofi, lakini hakuna aliyejua duka gani hapa mjini Reading lingetupatia wa kutosha wageni 180. Mwisho tukakubaliana: waini ya Amerika Kusini, kwa kuwa inasifika kwa bei na haina maringo, na mweka hazina aende akaangalie thamani ya fedha za kamati.

Rafiki yangu mmoja wa mgahawani akanipa mwaliko wake wa onyesho la kuonja mvinyo jijini London, Jumamosi saa nne asubuhi. Kikao kilikuwa siku hiyohiyo saa kumi jioni, Reading. Nikavaa shati jeupe ili nisirudi nyumbani kubadilisha. Nikapiga mswaki vizuri, nikanywa maji ya moto na limau, nikapanda treni.

Kwa asiyejua, kuonja kikazi ni kutema. Unaiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe uione rangi, unanusa, unavuta funda pamoja na hewa kidogo, unalizungusha mpaka kwenye fizi, kisha unatema kwenye ndoo. Waliozoea wanatoa mchirizi mmoja mwembamba, umenyooka, unaingia ndooni bila sauti huku wakiendelea kuongea na jirani. Funda langu la kwanza liligawanyika njiani. Sehemu iliingia ndooni, sehemu ikabaki kidevuni, na iliyosalia ikatafuta kola ya shati.

Nilianzia Argentina. Mama aliyekuwa nyuma ya meza, Mmendoza halisi, alinihadithia kwamba Malbec, zabibu yao nyekundu, ni mzaliwa wa Ufaransa, huko Cahors, na kwamba mwaka 1853 Mfaransa Michel Aimé Pouget aliwekwa kusimamia shamba la mafunzo mjini Mendoza, ndiyo mizabibu ya Kifaransa ikapata kwao kupya. Mvua Mendoza ni adimu. Mizabibu inanyweshwa maji ya theluji iliyoyeyuka milima ya Andes, yanayoletwa kwa mifereji. Na kule juu, Bonde la Uco, mashamba mengi yako zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, jua kali mchana, baridi usiku, kwa hiyo zabibu inaota ganda nene. "Ganda ndilo lenye rangi," akasema, akinimiminia tena. Nikaandika: ganda, rangi. Nikatema.

Pale pembeni palikuwa na chupa moja ambayo niliinyanyua kwa mikono miwili. Bei yake pauni 30 na ushee. Nikauliza kilichoifanya iwe nzito hivyo. Yule mama akacheka: "Kioo." Tangu hapo nikaacha kabisa kuheshimu uzito wa chupa. Karibu yake ilikaa ya zabibu ya Bonarda, nyepesi mkononi, bei ya kawaida, yenye tunda jingi na isiyomsumbua mtu, na nikaipa alama kubwa kuliko lile jiwe.

Chile walinifurahisha zaidi kwa habari yao ya Carménère. Zabibu hiyo ilitoka Bordeaux, Ufaransa, karne ya 19, ikachanganyika mashambani na zabibu nyingine, Merlot, na miaka nenda rudi nchi nzima ikawa inaiuza kwa jina la Merlot. Novemba 1994 akaja mtaalamu wa mizabibu, Jean-Michel Boursiquot, akatazama majani, akasema samahani, hii si Merlot. Mimi nilimfikiria mtu wa stoo. Lebo zote zile! Ukiinusa Carménère unapata pilipili hoho, na wapo wasioipenda kwa hilo. Mimi niliiona ya nyama choma moja kwa moja.

Halafu Uruguay, na zabibu yao ya Tannat. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wakati ule nilidhani yananyooka. Tannat ni nyeusi mpaka ukingoni mwa glasi. Ina ukakasi kama bibo lililochumwa kabla ya siku zake: ulimi unakauka, mashavu yanajikunja, mate yanakwisha. Ilikuwa ya bei nzuri kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo nikaonja ya chupa hii na ya chupa ile, nikilinganisha, nikizungusha kwa makini mpaka nyuma ya magego. Zote nikatema. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba asidi hulainisha meno kwa muda, na rangi ikipita muda huo inajishikiza hapohapo. Ile asubuhi mimi nilianza na limau.

Kwenye treni ya kurudi mtoto mmoja alinikodolea macho. Nikamtabasamia. Akahamia upande wa pili wa mama yake.

Mlango ulifunguliwa na shangazi. Nikampa shikamoo. Hakuitikia marahaba, aliangalia kola, akanusa, akaangalia kola tena, akanipisha. Kwenye kochi watu walikuwa wamejaa, hata yule wa pauni 200 alikuwepo siku hiyo. Mwenyekiti akasema tuanze na taarifa ya mweka hazina.

Ilikuwa taarifa nzuri, sijivuni. Niliwaambia huku Uingereza ushuru wa mvinyo unapigwa kwa kiwango cha kilevi, wala si kwa bei ya chupa. Chupa ya asilimia 14 inalipa pauni 3 na senti kidogo hata kama mvinyo wenyewe ni ovyo. Chupa ya pauni 7, toa VAT, toa ushuru, zinazobaki hazifiki pauni 3, na humo atoe mwenye duka, meli, kioo, kizibo na lebo. Mkulima ataambulia nini? Chupa ya pauni 11, ushuru ni uleule, na zinazobaki ni kama pauni 6. Umeongeza pauni 4 na kilicho ndani kimekua zaidi ya mara mbili. "Ndugu wajumbe," nikasema, nikatabasamu kwa upana wa ushindi, "thamani iko hapo."

Kimya. Katibu alikuwa ameacha kuandika.

"Mwanangu," shangazi akauliza taratibu, "zambarau umezipata wapi huku Ulaya?"

Katibu akageuza simu yake upande wa kamera ya mbele, akanisogezea. Meno yalikuwa ya bluu nyeusi. Ulimi mweusi. Kwenye midomo, kwa ndani, ulipita mstari wa mtu aliyechorwa na fundi asiye na haraka. Robo saa nzima nilikuwa nimewahubiria watu juu ya matumizi bora ya fedha nikiwa na kinywa hicho.

"Sikumeza hata tone," nikasema. "Nilitema yote."

Shangazi hakuniamini, na hilo ningeweza kuishi nalo. Mwenyekiti aliniamini, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Ulitema?"

"Ndiyo, mzee."

"Ya pauni 30?"

"Hata hiyo, mzee."

Akavua miwani. "Kamati imekulipia nauli kwenda London... kutema."

Nikajaribu kupanua mjadala. Nikawaambia mwaka 2004 jijini Berlin majaji waliwekewa mvinyo wa Chile, wa Ufaransa na wa Italia bila kuonyeshwa lebo, na wa kwanza ukatoka Chile, Viñedo Chadwick ya mwaka 2000, mbele ya Lafite na Margaux, majina makubwa ya Ufaransa, na majaji wa namna hiyo ndivyo wanavyofanya kazi, wanatema. Mwenyekiti akasema hao ni Wazungu, wana lao. Shangazi akasema maneno hayahitajiki, kijana atuonyeshe. Akaleta beseni kutoka jikoni, akaliweka chini katikati ya zulia, akanimiminia glasi ya juisi nyekundu ya watoto.

Sasa, asubuhi nzima nilikuwa nimejifunza ule mchirizi. Nilivuta funda, nikalizungusha, nikabana midomo, nikaelekeza. Ulitoka mwembamba, umenyooka, ningetamani yule mama wa Mendoza angeuona. Kasi tu ndiyo ilizidi. Ulilivuka beseni lote ukatua mezani, juu ya daftari la michango, ambalo katibu huliandika kwa kalamu za rangi za mwanawe, zile zinazofutika kwa maji. Ukurasa mzima ukaanza kutembea. Majina yakakutana na tarakimu, ahadi zikaingiliana na zilizolipwa.

"Jamani, yangu ilikuwa 20," yule wa pauni 200 akasema kwa sauti ya huzuni, akiinama kuchungulia. "Ishirini. Naikumbuka."

Ilichukua muda kurudisha utulivu. Mwenyekiti alipoweza kuongea, alisema taarifa imepokelewa, ila kamati haiwezi kununua kitu kwa ushahidi wa mtu ambaye hakukimeza. Akapendekeza kamati ndogo ya wazee wa busara ikae Jumamosi ijayo na chupa za pauni 7 na za pauni 11, Malbec, Carménère na ile nyeusi ya Uruguay, wazilinganishe. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa shangazi. Alisema ataingia kama mwakilishi wa wanaokunywa soda.

Katibu, ambaye sasa alikuwa anaandika kwa penseli, akainua kichwa. "Kwenye mahitaji niweke na ndoo?"

"Ndoo ya nini?" mwenyekiti akauliza.