Hukumwuliza Mungu, Ulimpa Taarifa

Aliyenivua nguo bila kunigusa ni bibi mmoja wa kanisani kwetu hapa Tanga, muuza vitumbua wa Ngamiani. Nilikuwa nimemsimulia hasara yangu ya machungwa, nikafunga na swali nililoliona la kiroho sana: kwa nini Mungu aniongoze, kisha aniache njiani? Akageuza kwanza vitumbua vyake vyote, kimoja kimoja. Halafu akasema, "Mwanangu, wewe hukumwuliza Mungu. Ulimpa taarifa."

Hasara yenyewe nitaipitia upesi, maana hainipendezi. Msimu wa machungwa Muheza nilikopa kwenye kikoba chetu, nikakusanya mzigo wa lori zima kupeleka Dar es Salaam. Niliomba, nisisingiziwe. Nilifunga siku 3. Nikaweka na ishara kama Gideoni wa Biblia, aliyemwomba Mungu alama kwa ngozi ya kondoo: lori likifika shambani kabla ya saa mbili asubuhi, basi Bwana amesema. Likafika saa moja na nusu! Nikalipiga picha, nikaitupia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, "Mungu ni mwaminifu". Mzigo ukaingia sokoni wiki ambayo nusu ya Muheza ilikuwa imeshaingia. Bei ikashuka hadi haikurudisha hata nauli ya lori, na machungwa ya chini ya lundo yakaanza kulainika.

Kuna kitu sikumwambia bibi. Usiku wa kuamkia safari, mke wangu, mtoto wa mkulima wa Muheza aliyekulia chini ya michungwa, aliniuliza, "Mume wangu, na hao wenzako wote waliochuma wiki hii, wanapeleka wapi?" Nikamjibu kwamba hii ni hatua ya imani. Moyoni nikasema adui huwatumia hata watu wa nyumbani mwako. Naandika haya naona haya.

Tangu hapo nimekuwa nikiisoma upya habari ya nabii Eliya pangoni. Sisi huwa tunakimbilia ule upepo, tetemeko na moto, halafu "sauti ndogo, ya utulivu", kama Biblia ya Union Version inavyosema, tukafurahi, tukafunga kitabu. Lakini neno linalomfikia Eliya pale mlangoni mwa pango ni swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Tena aliulizwa mara 2, kabla ya moto na baada yake. Mimi nilikuwa nasubiri tangazo. Kumbe swali lilikuwa limeshaulizwa, jikoni, na mtu anayeyajua machungwa kuliko mimi.

Na Gideoni tunamsingizia. Kabla hajaitandaza ngozi yake ya kondoo, Mungu alikuwa ameshamwambia la kufanya. Yeye mwenyewe anakiri, "kama ulivyosema". Ngozi ilikuwa ya mtu mwoga aliyesikia tayari. Yangu ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua, akaomba mhuri.

Ila anayenikalia moyoni zaidi ni Samweli. Mtoto analala hekaluni, Mungu anamwita mara 3, na kila mara anakimbilia kwa kuhani Eli: nimekuja, maana umeniita. Hakuwa mkaidi, hakuijua tu ile sauti. Anayemfumbulia ni mzee ambaye macho yameanza kupofuka, ambaye nyumba yake imemshinda, wanawe wanapora sadaka. Mzee wa namna hiyo leo tungempuuza. Lakini ndiye aliyejua kumwambia kijana arudi akalale na aseme, "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia."

Na neno alilopewa? Hakuahidiwa kiwanja wala mchumba. Alipewa hukumu juu ya mzee yule yule aliyemlea, ujumbe ambao hakuna mtoto angependa kuubeba. Siku hizi mtu akisema "Bwana ameniambia", mara nyingi Bwana amemwambia kitu ambacho alikuwa anakitaka tangu Januari. Sisemi ni uongo kila mara. Nasema ningekuwa mwangalifu, na ningekuwa mwangalifu mara mbili pale neno linapopatikana kwa kulipia kwanza chupa ya mafuta ya upako.

Kisha kuna kamstari tunakaruka. Samweli alilala hata asubuhi, akaifungua milango ya nyumba ya Bwana. Amesikia sauti ya Mungu usiku ule, na asubuhi anafanya kazi yake ya kila siku, milango.

Kwa hiyo mimi sasa natoka barazani kabla ya adhana ya alfajiri, simu nimeiacha ndani. Nasoma kifungu kimoja, nakaa. Siku nyingi sisikii chochote zaidi ya majogoo na pikipiki ya kwanza. Mwanzoni kimya kile kilinitisha, nikawa nakijaza maneno: Bwana nibariki, Bwana nifungulie. Ni kazi kweli kunyamaza kwa mtu aliyefundishwa kwamba maombi ni kelele.

Jambo la kwanza lililonijia katika kukaa kule halikuwa na utukufu wowote. Lilikuwa jina la mweka hazina wa kikoba, ambaye kwa wiki 6 nilikuwa nabadilisha njia nisikutane naye. Nililisukuma. Kesho yake likarudi. Hapo sikuhitaji ishara ya lori, kwa sababu Warumi 13 ilikuwa wazi mapajani kwangu: "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana". Nikaenda. Hakunifokea, alitoa daftari, akauliza naweza kiasi gani kwa mwezi. Swali tena.

Deni bado halijaisha. Jumamosi iliyopita rafiki alinipigia kuhusu kiwanja Pongwe, bei nzuri, ameniwekea mimi tu, niharakishe. Nilikuwa nimeshasimama natafuta viatu. Mke wangu alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata kichwa, akauliza, "Na mwenyewe anakiuza kwa nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikaufunga, nikavuta kigoda, nikamwambia, "Hebu niulize tena."