Umeshinda? Haya, toa

Kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Goma haipiti wiki bila skrinishoti ile ya kamari ya mtandaoni: kindege cha mchezo kimepaa, namba za kijani, dola mia nane, pengine elfu na kitu, na chini mwenyewe kaandika "Mungu ni mwema". Hongera zinamiminika. Mimi huuliza neno moja tu, na kwa hilo nimeshaitwa mtu wa wivu: zimetoka kwenye tovuti zikakufikia?

Niseme mapema maslahi yangu. Nanunua na kuuza USDT, yaani kripto (pesa ya kidijitali) inayofuata thamani ya dola, kidogo kidogo hapa mjini, kwa hiyo anayetoa ushindi wake ndiye mteja wangu. Sina faida yoyote katika kumtisha mtu asicheze. Ila wengi wanaonifuata hawaji na USDT. Wanakuja na simu yenye namba, wananisogezea usoni, wanasema "nunua hizi". Siwezi. Hizo bado ni mali ya wenye tovuti ya kamari.

Kripto ina wanaoisifu na wanaoichukia, na katika jambo hili wote wanapiga nje. Wanaoisifu husema haina benki, haina karani, hakuna wa kukuzuia. Wanaoichukia husema ni wizi mtupu. Lakini mchezaji mwenye namba ya kijani hana kripto. Alipoweka dola 50 za USDT, zilitoka kwenye pochi yake ya kripto zikaenda kwenye anwani ambayo tovuti hupokelea kripto. Safari hiyo imeandikwa kwenye Tron, mmoja wa mitandao inayobeba USDT, na yeyote anaweza kuiona. Kripto iliishia hapo. Baada ya hapo kaandikiwa 50 kwenye daftari lao, na aliposhinda wamefuta 50 wakaandika 800. Ni deni. Anaidai kampuni iliyosajiliwa Curaçao, kisiwa cha Karibi, au iliyochukua leseni Anjouan, huko Komoro. Curaçao walibadilisha sheria yao ya kamari Desemba 2024 ili kukaza usimamizi, na ni jambo jema, lakini mtu wa Katoyi, hapa Goma, atamlipa wakili gani aende kudai dola mia nane ng'ambo ya bahari?

(Kripto yenyewe si mgeni mkoani kwetu, kwa wasiojua. Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin kule Luviro, Lubero, mwaka 2020, kwa umeme wa maji, na mapato yake yakasaidia kuendesha hifadhi. Huko unaweza kubishana kuhusu mazingira na kuhusu nani angepaswa kupata umeme huo. Kamari ni habari nyingine.)

Ukubwa wa tovuti unasaidia kiasi. Septemba 2023 Stake, mojawapo ya kubwa kabisa, iliibiwa kripto ya takriban dola milioni 41, na FBI ya Marekani ikasema ni kazi ya Lazarus, wadukuzi wa Korea Kaskazini. Kutoa pesa kulisimama kwa muda, kisha kukaendelea. Tovuti iliyozaliwa mwezi jana kwenye kundi la Telegram haina kifua hicho.

Sasa bonasi, maana ndiko pesa za watu wengi zinakofia. "Weka 100, tunakupa 100." Chini, kwa maandishi madogo: lazima uzungushe bonasi mara 40 kabla ya kutoa. Vijana wakisoma 40 wanadhani ni suala la kuvumilia tu. Fanya hesabu. Mara 40 ya dola 100 ni dau la jumla la dola 4,000. Aviator, kindege chenyewe cha kampuni ya Spribe, kinatangazwa kurudisha asilimia 97, yaani katika kila dola 100 zinazochezwa, 3 hubaki kwao kwa wastani. Asilimia 3 ya 4,000 ni dola 120. Umepewa zawadi ya 100, na njia ya kuifikia inakula 120. Hapo ni kwa tovuti yenye huruma. Nyingine hukuhesabia mara 40 ya bonasi pamoja na pesa yako mwenyewe: dau 8,000, hasara ya wastani 240. Ukisema utakimbilia rouleti ya Ulaya, yenye namba 37 na inayobakiza asilimia 2.7 tu, utakuta dau la rouleti linahesabiwa kwa sehemu ndogo au halihesabiwi kabisa. Hesabu hizo walizifanya kabla yako.

Kisha kuna kifungu cha dau la juu. Ukiwa na bonasi, usicheze zaidi ya dola 5, tuseme, kwa mzunguko mmoja. Ukiweka 6 mara moja, hata kidole kikiteleza, wana haki ya kufuta ushindi wote, na watakuonyesha mstari wenyewe. Kwa maoni yangu bonasi ikataliwe siku ya kwanza. Tovuti nyingi zina mahali pa kuikataa. Isiyo na mahali hapo imeshakujibu.

Haya, umevuka hilo, umeomba kutoa. Inaandikwa "inashughulikiwa". Saa 24, mara 48, mara wikendi haihesabiwi. Tron huandika muamala kwa sekunde chache, kwa hiyo kusubiri huko hakukuletwa na kripto. Wakati unasubiri, pembeni pale kuna kitufe cha kughairi ombi na kurudisha pesa mchezoni. Kimewekewa saa nane ya usiku, mtu hana usingizi na namba inang'aa. Uingereza mwaka 2021 ilipiga marufuku kitufe hicho kwa kampuni zenye leseni yake. Kwetu kipo na kinafanya kazi. Nimeona ushindi mzuri ukirudi mezani namna hiyo na kuisha kabla ya alfajiri, halafu asubuhi inalaumiwa kripto.

Lakini kinachonikera kuliko vyote ni vitambulisho. Tangazo linasema "cheza bila kitambulisho", na ni kweli, kwa kuingiza. Omba kutoa kiasi cha maana uone. Wanataka kitambulisho, picha ya uso wako, na uthibitisho wa makazi. Mkongomani wa kawaida ana nini? Kadi ya uchaguzi. Zile za CENI, tume ya uchaguzi, za 2023 wengi tunazijua, maandishi yamefutika mapema na sura imekuwa kivuli. Ukimtuma huyo kivuli kwa mfanyakazi wa tovuti asiyejua Kongo iko wapi, atajibu kwa adabu kwamba picha haisomeki, tafadhali tuma nyingine. Uthibitisho wa makazi nao wanataka bili ya umeme yenye jina na anwani yako. Sisi tunalipia umeme kabla, namba zinakuja kwa SMS, mita ni ya mwenye nyumba, na anwani ni "nyuma ya kanisa, ulizia kwa fundi cherehani".

Ongeza VPN, ile programu inayoficha uko nchi gani. Tangu X na TikTok zilipozuiliwa nchini mapema 2025, VPN imejaa kwenye simu za watu na mara nyingi inasahaulika ikiwa imewashwa. Na tunaoishi karibu na mpaka, wengi wetu tuna laini ya Rwanda pia. Kwa mfumo wa tovuti, mtu huyo huyo kacheza asubuhi akiwa Uholanzi, mchana akiwa Rwanda, jioni akiwa Kongo. Masharti yao yanasema VPN inatosha kufunga akaunti. Sawa, ni nyumba yao. Ila mbona sharti hilo halikukumbukwa siku pesa inaingia? Wangenigomea dola 50 zangu kwa sababu ya VPN ningewaheshimu. Wanazipokea, wanakuacha ucheze miezi, wakumbuke sheria siku wewe umewala. Ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza: tuma vitambulisho kabla ya kuweka hata dola moja, kwa pasipoti kama unayo, na usubiri wakubali. Wakisema hawahitaji kwa sasa, sikiliza vizuri hayo maneno "kwa sasa".

Wakikwambia ulipe kwanza "kodi" ya asilimia 10 ndipo waachie ushindi, hapo hakuna cha kujadili. Mwenye pesa zako angekata humo humo. Anayetuma hiyo ya kodi huombwa ya "uhakiki", kisha ya "kufungua akaunti". Na yule atakayekuandikia baadaye Telegram akidai anaweza kurudisha kilichoibwa ni ndugu yao.

Mambo ya mtandao nitayapita haraka. Anwani za Tron huanza na T. Za Ethereum na za BNB Smart Chain, mitandao mingine ya kripto, zote huanza na 0x, na hapo ndipo watu huchanganya mitandao. Toa dola kumi kwanza, zione zimefika, ndipo utoe zilizobaki. Utalipa ada mara mbili. Lipa.

Zikishafika kwenye pochi yako, hongera, sasa ni kripto kweli. Linabaki la Goma. Tangu waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025 benki zilifunga milango na noti zikawa adimu. Dola 800 za M-Pesa au Airtel Money na dola 800 mkononi si kitu kimoja tena. Mama wa kabini, anayekupa noti kwa pesa za simu, anakata chake kwa sababu naye kazitafuta noti kwa jasho. Wengine huvuka mpaka wa Petite Barrière hadi Gisenyi, Rwanda. Mama wa kabini simlaumu. Mnunuzi wa USDT naye anachukua tofauti yake, nami ni mmoja wao, sitajifanya malaika. Ukipata noti zenyewe, ile yenye mchaniko kidogo kwenye pembe itakataliwa sokoni Virunga au utaiuza kwa makambisti, wabadilisha fedha, kwa bei ya huruma. Na kama unamuuzia mtu usiyemjua, usiachie USDT kwa sababu ya SMS aliyokuonyesha. SMS inatungwa. Fungua salio lako mwenyewe, kwa vidole vyako.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wasiache pesa katika USDT tu mpaka hali ya noti iwe nzuri. Kwa mfanyabiashara anayeagiza mali Kampala au Dubai nasema sawa, ina maana yake, akijua kwamba Tether, kampuni inayotoa USDT, ina uwezo wa kuzuia anwani na imeshafanya hivyo mara nyingi. Ila ziwe kwenye pochi yako, ambayo maneno yake ya siri unayo wewe. Kuna watu wazima, wenye watoto, wanaoacha ushindi ukae kwenye tovuti ya kamari na kuuita akiba.

Ninyi wasimamizi wa makundi nina neno nanyi. Kiungo mnachobandika chini ya skrinishoti kina msimbo wenu wa kualika watu, na mikataba mingi ya aina hiyo humlipa mwenye msimbo sehemu ya wanachopoteza wale aliowaleta. Ni biashara, fanyeni. Lakini pamoja na picha ya kindege wekeni namba ya muamala wa kutoa. Ni herufi na tarakimu 64, inanakiliwa kwa kidole kimoja, nami nitaifungua Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Tron, nione zimetoka wapi, zimeenda wapi, saa ngapi. Niliomba hivyo kwenye kundi moja, kwa adabu kabisa, nikaondolewa kabla ya jioni.