Bamba la kifundo cha mkono: la kike, au dogo tu?

Bibi wa miaka sitini na kitu akiteleza kwenye ngazi kali za nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, mkono ndio hutangulia chini. Uzito wote unaishia kiganjani, na mfupa wa rediasi, ule wa upande wa kidole gumba, unakatika karibu na kifundo. Abraham Colles, daktari wa Dublin, alilieleza vunjiko hili mwaka 1814, na hadi leo wanawake waliokoma hedhi hulipata zaidi kuliko wanaume wa rika lao. Kijana wa bodaboda naye huvunjika hapo hapo, ila kwa kishindo. Wote wawili wakihitaji upasuaji, hufungiwa chuma cha namna moja: bamba la kukaa upande wa kiganja, lililoenea duniani tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Je, haki ni hiyo?

Wapo wanaodai kwamba wanawake watengenezewe vyuma vyao, vya kike. Wana hoja, na nzito ziko kwenye milimita. Rediasi ya mwanamke kwa wastani ni nyembamba. Bamba likiwa pana hutokeza pembeni, na likisogea mbele kupita ukingo wa mfupa, kano inayokunja kidole gumba husugulika juu yake kila siku hadi huweza kukatika. Skrubu iliyozidi urefu hutokezea upande wa pili, mgongoni mwa mkono, na huko kuna kano ya kunyoosha gumba hilo hilo. Mgonjwa anaweza kurudi miezi kadhaa baadaye, mfupa umeshaunga vizuri, lakini gumba halinyanyuki.

Kwenye skafoidi, kijifupa kimoja kati ya vile vinane vya kifundo, mambo ni wazi zaidi. Vipimo vya mifupa ya maiti vilivyochapishwa 2007 vilionyesha wastani wa urefu wa milimita 31 hivi kwa wanaume na 27 kwa wanawake. Ncha yake ya upande wa rediasi ilikuwa na upana wa milimita 4.5 kwa wanaume, 3.7 kwa wanawake. Sasa ile skrubu maarufu ya Herbert, ya kuunga kijifupa hiki kikivunjika, upande wake mnene una milimita 3.9. Mwanamume inamtosha, na nafasi inabaki. Kwa mwanamke wa kawaida, skrubu ni nene kuliko mahali inapotiwa.

Upande wa pili nao hauropoki. Wanauliza: mfupa wa mwanamke una umbo lake, au ni ule ule uliopungua? Mshonaji yeyote anajua kwamba kanzu ikizidi urefu unakata upindo, lakini mabega yakikataa hakuna upindo utakaokuokoa. Kwa rediasi, sehemu kubwa ya tofauti inaonekana kuwa ya upindo: ukubwa, si mabega. Na wako wanawake warefu wenye mikono mipana, na wanaume wadogo ambao hilo bamba la "kiume" lingewapwaya.

Kisha kuna somo la goti. Mwaka 2006 kampuni ya Zimmer ya Marekani ilitoa goti bandia la wanawake, na matangazo yakapigwa kwelikweli. Watafiti wakachukua wanawake waliohitaji kubadilishwa magoti yote mawili, wakawawekea la kike upande mmoja na la kawaida upande wa pili. Maumivu na utembeaji havikutofautiana kwa maana. Pale neno "la kike" lilimfaa zaidi muuzaji. Hata kwenye kifundo chenyewe, utafiti wa Uingereza wa 2014 uliohusisha wagonjwa 461 haukuona bamba likizishinda waya za kawaida za kushikilia mfupa, ambazo ni rahisi na hazijali upana wa mfupa.

Mimi naegemea ukubwa, lakini si kwa sababu walalamikaji wamekosea. Kwenye skafoidi wana haki kabisa: skrubu nyembamba zipo, na zinapaswa kuwa mezani kabla mgonjwa hajalazwa kwenye kitanda cha thieta. Ila kwetu Mombasa kununua seti mbili, ya kike na ya kiume, ni kumwongezea mgonjwa bili. Mara nyingi vyuma huletwa na msambazaji kwa ajili ya upasuaji husika, na familia ndiyo inayochangishana. Afadhali seti moja iliyokamilika, yenye bamba jembamba na skrubu fupi, zisiwe zimeisha wiki iliyopita na kusahauliwa kuagizwa. (Vipimo vingi vilivyochapishwa, tena, ni vya watu wa Ulaya, Marekani na Asia Mashariki, bibi wa Kibokoni au Likoni hamo.)

Pengo hilo la vipimo halihitaji kiwanda. Eksirei ya kila mvunjiko inapigwa hata hivyo. Upana wa rediasi ukipimwa hapo, ukaandikwa pamoja na jinsia, umri na saizi ya bamba lililotumika, hospitali zetu zingeweza kumwambia msambazaji saizi gani huisha kwanza na ipi hulala kabatini.