Lebo ya Lamu: studio ipo, daftari liko wapi?

Chini ya kitanda cha ami yangu kuna sanduku la mbao limejaa kanda. Wiki jana nilitoa moja tukaisikiliza. Kwenye karatasi yake pameandikwa kwa kalamu ya wino: "Harusi Mkomani, usiku wa pili." Basi. Hakuna mwaka, hakuna jina la mpiga udi wala la aliyetunga maneno. Ami alimtambua mwimbaji kabla ubeti wa kwanza haujakwisha. Mimi sikumtambua, na mwanangu hata hatajua kwamba palikuwa na mtu wa kutambuliwa.

Kanda ile ilikuwa bado kichwani mwangu vijana wanne wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, walipokuja barazani kwetu kutaka ushauri. Wanataka kuanzisha lebo yao ya muziki, yaani kampuni ndogo ya kurekodi na kutoa nyimbo, isiyo chini ya kampuni nyingine yoyote. Wana kompyuta, maikrofoni mbili, na chumba katika nyumba ya zamani ambayo kuta zake za mawe ya matumbawe ni nene kiasi cha kuzuia kelele zote za njiani isipokuwa punda anapolia. Hurekodi baada ya Isha, wakiyasimamisha magodoro ukutani ili sauti isirudi. Nimeisikia kazi yao: udi unasikika hadi mkwaruzo wa kidole kwenye uzi. Mzee mmoja aliwaombea dua. Mwengine akawaambia, "Mutauza sauti za wana wa watu." Tangu siku hiyo nayapima maneno ya wote wawili.

Aliyewaombea dua ana historia upande wake. Sauti ya Mswahili imesafiri sana kuifuata mashine. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na HMV, kampuni ya santuri ya Uingereza. Zein l'Abdin, mpiga udi na mwimbaji mzaliwa wa hapa Lamu, jina lake lilikulia Mombasa, na mwaka 1990 lebo ya GlobeStyle ya London ikatoa albamu yake. Nyimbo zilirudi nyumbani, tukazifurahia, lakini kwa kawaida mkataba hubaki kule mashine ilipo.

Hata Mombasa lebo zilitoka madukani. Assanand & Sons walikuwa na lebo ya Mzuri iliyotoa santuri za taarabu. Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale, ambayo jina lake linakutajia biashara ya redio, ikawa mlango wa taarabu kwa watu wengi. Mwenye duka ana faida ambayo mkurugenzi wa mbali hana: mteja anasimama mbele yake na kuutaja wimbo anaoutaka. Bila maduka kama haya, sehemu kubwa ya taarabu ya miaka ya 60 na 70 ya pwani yetu ingekwisha pamoja na waliohudhuria zile harusi. Nayasema haya kwa shukrani. Hata hivyo, utaratibu ulioenea Afrika Mashariki ulikuwa kumlipa mwanamuziki mara moja, siku ya kurekodi. Yaliyofuata hayakumhusu tena, hata wimbo ukipigwa miaka thelathini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa wanamuziki wetu wengi hata hilo daftari lenyewe halikuwahi kufunguliwa.

Kwa sheria ya Kenya, haki ya sauti iliyorekodiwa hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka wa kurekodi. Kanda iliyorekodiwa mwaka 1974 kinga yake ilimalizika mwisho wa 2024. Maneno na tuni ni haki nyingine, nayo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Zein alifariki mwaka 2016, kwa hiyo alichotunga mwenyewe kina kinga hadi mwisho wa 2066. Sasa chukua ile kanda ya ami. Kama haijulikani ilirekodiwa mwaka gani, wala mtunzi ni nani, warithi watadai kwa ushahidi upi? Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kuwa na lebo hapa hapa. Mtu wa hapa anaweza kupiga hodi mlango wa pili akauliza jina.

Lakini lebo kuwa ya nyumbani si dawa. Tazama nyimbo za miito ya simu. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yameweka kwamba katika kila shilingi 100, kampuni ya simu ichukue isiyozidi 39.50, mtoa huduma wa kati isiyozidi 8.50, na msanii au mwenye hakimiliki apate angalau 52. Vijana walipolisikia hilo walifurahi. Mimi nikawaomba walisome upya lile neno dogo, "au". Msanii akishaihamishia lebo haki zake zote, 52 ni za lebo, na fungu la mwimbaji litategemea mkataba peke yake. Ndugu yako wa mtaa mmoja anaweza kukupunja vizuri kuliko mgeni, maana yeye utaona haya kumshtaki.

Soko nalo ni dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu, kuanzia wachanga hadi wasiosikiliza muziki kabisa. Lebo haiwezi kuishi kwa hao peke yao. Malindi ingekuwa rahisi kidogo, kwa hoteli zake na kwa kuwa hapo taarabu, bango (muziki wa dansi wa pwani) na ngoma za Wagiriama ziko katika mji mmoja, ila hoteli hulipia usiku wa burudani na si haki ya wimbo. Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa mwaka 2007, imefanya kazi kubwa ya kuwatafuta na kuwahifadhi wanamuziki wa zamani, na baadhi ya kazi hiyo iliwezekana kwa fedha za wafadhili. Ni njia ya heshima, lakini mfadhili ana kalenda yake. Anayewaambia vijana kwamba lebo itawalipa kodi ya chumba mwaka wa kwanza anawadanganya.

Nirudi kwa mzee aliyepinga, kwa sababu wengi walimchukulia kama mtu asiyependa muziki tu. Sivyo. Mke wake ni mmoja wa waimbaji wa vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, ninaowaheshimu zaidi mjini, na hajawahi kukubali kurekodiwa. Nyimbo za wanawake arusini huimbwa ndani, baina yao, na ziko harusi ambapo simu huachwa mlangoni. Beti zile hutaja watu, hupiga mafumbo, humfunza biharusi mambo ya chumbani. Uzuri wake umo katika kujua nani yumo chumbani. Zikiwekwa mtandaoni, aliyeimba atakuwa amesikika na wasiostahili kumsikia, na hakuna mrabaha utakaomrudishia stara yake. Tena nyimbo hizo hazina mtunzi mmoja wa kutia sahihi. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inatambua kwamba urithi wa namna hii ni wa jamii, kwa hiyo lebo ikiziandikisha kwa jina lake imechukua kisichokuwa chake.

Kwa hiyo mimi naunga mkono lebo, lakini si ile waliyoniletea. Wao walikuja na orodha ya vifaa na nembo nzuri iliyochorwa tayari. Ningependa waanze na mambo mawili ya karatasi. Kwanza, kuhifadhi na kuuza kusiwe kitu kimoja: mtu aweze kurekodiwa kwa ajili ya wajukuu wake tu, na hilo liandikwe. Pili, rekodi zisiwe mali ya wanne hawa. Mji wetu unajua vizuri maana ya kisima cha wakfu, ambacho hakiuzwi wala hakirithiwi na watu hunywa. Sisemi udi utiwe katika wakfu, masheikh watakuwa na lao na nawaheshimu. Nasema ziwekwe chini ya dhamana: lebo isimamie na ipate ujira wake, mwanamuziki abaki na haki yake, na lebo ikifa rekodi zirudi kwa wenyewe badala ya kuuzwa pamoja na kompyuta. Itakua polepole hivyo, najua. Mmoja wa vijana aliniambia hakuna atakayetia pesa zake katika kitu asichoweza kukiuza, na hapo sikuwa na jibu la kumridhisha.

Usiku ule nilirudi kwa ami na daftari. Tulianza na kanda za juu, yeye akisikiliza, mimi nikiandika: mwimbaji, udi, ngoma, mtunzi, nyumba ya nani, mwaka kwa kukisia na nani alizaliwa mwaka huo. Saba tulizimaliza kabla ya saa nne. Ya nane ilitukwamisha, kwa sababu ami na mkewe hawakukubaliana jina la mpiga ngoma. Dada wa huyo mpiga ngoma yu hai, anakaa nyuma ya msikiti. Asubuhi tukamtuma mtoto akamuulize.