Traveller ya Chris Stapleton sio Tennessee Whiskey peke yake

Siku hizi kila harusi lazima mtu aweke Tennessee Whiskey, na sikatai, ni ngoma kali, gita inazunguka kwenye kodi (chords) mbili tu toka mwanzo hadi mwisho halafu jamaa anajaza nafasi yote iliyobaki na koo lake. Lakini bana hiyo hata sio yake, wakongwe wa country walishaiimba, David Allan Coe aliiimba 1981, George Jones akairudia 1983. Ukiishia hapo albamu yenyewe, Traveller, hujaisikia.

Stapleton, mwimbaji wa country, ni mtoto wa Kentucky kule Marekani, babake alifanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe. Alifika Nashville, jiji la muziki wa country, 2001 akawa anaandikia wengine nyimbo, Your Man ya Josh Turner ile kalamu yake imo, yaani wenzake wanapanda jukwaani yeye yuko nyuma na daftari. 2013 babake akafariki. Mkewe Morgane akamtafutia Jeep ya 1979, wakaifuata mpaka Phoenix wakairudisha wakiendesha wenyewe, na huko njiani, New Mexico, ndio wimbo wa Traveller ukamjia. Albamu ikatoka Mei 2015, ana miaka 37! Prodyuza Dave Cobb alimrekodi pale RCA Studio A bila mapambo mengi, na Morgane yuko pembeni anaitikia, sikiliza vizuri hiyo sauti ya mama maana ndio inashikilia nyumba.

Novemba hiyo akaimba na Justin Timberlake kwenye CMA, zile tuzo kubwa za country, akaondoka na tuzo tatu, albamu ikarudi chati ikakaa namba 1, watu wakaanza kusema ooh amelipuka usiku mmoja. Usiku mmoja wapi, mtu amesota Nashville miaka 14.

Mimi inayonimaliza ni Daddy Doesn't Pray Anymore. Ukisoma jina unadhani mzee ameasi dini, kumbe haombi tena kwa sababu ametangulia, sasa anatembea na Mola wake mwenyewe. Baba yangu alikuwa mtu wa Jim Reeves, Jumapili asubuhi redio iko dirishani anafunga tai polepole, halafu kabla hatujagusa kikombe anaomba ombi refuuu, anataja shangazi wote, mvua, ng'ombe, hadi chai inaweka utando juu. Sasa hivi kwetu chai inanyweka ikiwa moto.