Tumaini la Tatu ni Sapporo

Kwanza mjue mimi si mtu wa kukosea fomu. Niko na saiba hapa Kondele, Kisumu, komputa nne na printa moja yenye kiburi, na kazi yangu kuanzia asubuhi ni kujazia watu fomu. Za kazi, za karo, za cheti cha kuzaliwa, za shamba la marehemu babu ambalo wajukuu wanalipigania kama mpira wa kona. Mtu anakuja na karatasi imekunjwa mara nane ndani ya leso, anatoka na risiti. Kwa hivyo siku dadangu alinitumia ujumbe kutoka Osaka ati anaomba nimjazie kafomu kamoja tu, sikuona shida, hata niliona ni kama amenidharau.

Dadangu yuko Japani mwaka wa nne sasa, anahudumia wazee kwa nyumba ya wazee. Huko akashikwa na ugonjwa wa kupenda kikundi fulani cha vijana wa kuimba na kudensi, wote nywele rangi rangi, jina siwaambii kwa sababu mashabiki wao hawana huruma na mimi nina mtoto. Akajiunga na klabu yao ya mashabiki, yeni 1,000 za kuingia na yeni 4,000 kila mwaka. Mimi nikadhani hiyo pesa ndiyo ya tiketi. Wapi! Hiyo pesa ni ya kukupa ruhusa ya kuomba. Yaani unalipa ndio uingizwe kwa bahati nasibu, na ukishinda hiyo bahati nasibu zawadi yako ni kwamba sasa umekubaliwa kununua tiketi na pesa yako mwenyewe. Nilimwambia arudie mara tatu nikidhani mtandao unakatakata.

Akanieleza ni kwa sababu ya wingi wa watu. Hata Tokyo Dome yenyewe inameza watu kama 55,000 hivi, na kikundi kikubwa kinakuwa na wanachama kushinda hao mara nyingi. Wakisema wa kwanza kufika ndio achukue, mtandao unaanguka na walanguzi wanabeba tiketi zote kabla shabiki hajamaliza kuandika jina. Basi kila mwanachama anaomba mara moja tu, anaandika anataka mji gani na siku gani, halafu dirisha linafungwa na komputa inachagua. Uombe dakika ya kwanza ama ya mwisho, ni sawa tu. Ukikosa, Wajapani wanasema umeanguka. Dadangu alikuwa ameanguka mara nne, na ile mara ya nne aliambia Mama kwa simu akilia, "Mama nimeanguka tena," Mama akauliza ni mguu gani.

Sasa siku yenyewe. Simu ya dadangu ilikuwa imetumbukia kwa beseni akiosha mzee miguu, iko kwa fundi, na yeye anaingia shifti ya usiku. Akaazima simu ya mwenzake akanitumia paswadi na voisi moja ya sekunde 14, upepo mwingi kwa sababu alikuwa juu ya baiskeli. "Weka Osaka tu, Jumamosi, tiketi moja. Mwisho ni leo saa kumi na moja." Kisha kimya mpaka kesho.

Saa kumi na moja gani? Hapo ndipo akili yangu iliingia kwa mtaro. Wao wametutangulia masaa sita. Sasa amesema saa kumi na moja ya kwao ama ya kwetu? Na huyu mtu amekaa huko miaka, anahesabu kwa Kiswahili ama anahesabu kizungu anatafsiri? Nikachukua risiti nikageuza nyuma nikaanza hesabu. Nikajumlisha sita, nikatoa sita, nikapata kesho asubuhi. Nikarudia nikapata jana. Kulikuwa na mzee mmoja ameketi pale anangoja picha za pasipoti, mwalimu mstaafu, ananiangalia tu vile nateseka, mwishowe akasema, "Kijana, saa yao ikisoma kumi na moja usiku, hapa ni jioni saa ngapi?" Nikahesabu na vidole. Kumi na moja. "Basi. Wako mbele masaa sita, na saa ya Kiswahili pia iko masaa sita kando na ya mzungu. Saa ya ukutani Japani inasoma Kiswahili." Mzee akachukua picha zake akaenda.

Nyinyi jaribuni sasa hivi, mtaona. Mimi nilibaki nimeduwaa na huo utamu wa hesabu kama dakika mbili hivi, halafu nikaangalia ukuta. Saa kumi na dakika hamsini na moja.

Dakika tisa. Nikafungua ukurasa, Kijapani kitupu, nikabonyeza ile ya kutafsiri, ikaleta Kiswahili. Na hapa lazima mnielewe. Haikuandika "chaguo la kwanza." Iliandika TUMAINI LA KWANZA. Chini yake TUMAINI LA PILI. Chini yake TUMAINI LA TATU. Kumbe hivyo ndivyo Wajapani wanaita, unaandika matumaini yako kwa mpangilio. Dadangu alikuwa amesema Osaka tu. Lakini mimi mtoto wa mama wa maombi, niache matumaini mawili wazi? Na tena kwa hii kazi yangu nimejifunza sanduku likibaki wazi fomu inarudi na wino mwekundu. Tumaini la kwanza nikaweka Osaka Jumamosi, vizuri. La pili Osaka Jumapili, mpaka hapo nilikuwa bado na akili. La tatu orodha ikakataa Osaka nyingine, nikachukua ile iliyokuwa juu kabisa kwa sababu nilijua orodha huanza na kitu cha karibu. Sapporo, Ijumaa.

Orodha yao inaanza kaskazini inashuka kusini. Hiyo nimejua baadaye.

Nikaenda chini. Kuna sehemu imeandikwa "mwenzi wa safari," jina, tarehe ya kuzaliwa, simu. Nikasema ahaa, hii naijua, hakuna fomu Kenya hii haina kitu kama hiki, hapa wanataka mtu wa karibu wa kupigiwa ikitokea shida. Mama hana simu ya kueleweka. Nikajiandika mimi. Majina matatu kama kwa kitambulisho. Idadi ya tiketi ikaruka yenyewe kutoka 1 ikawa 2, nikaona lakini nikajiambia labda ni moja na nakala. Nikabonyeza kutuma zikiwa zimebaki sekunde kidogo, nikainua mikono juu kama nimefunga bao Mamboleo, mteja wa mashine namba tatu akapiga makofi bila kujua ni ya nini.

Siku kumi na moja baadaye, saa tatu asubuhi (na kwa saa yao ya ukutani saa tisa hivi, hapana, tatu! mnaona? tatu!) dadangu akapiga. Hakusalimia.

"Wewe. Sapporo ni nini?"

"Umeshinda?"

"Nimekuuliza Sapporo ni nini."

"Si ni mji huko kwenu?"

Akaniambia nifungue ramani akiwa ananisikia. Jamani. Kutoka Osaka hadi Sapporo ni zaidi ya kilomita 1,000 ndege ikienda moja kwa moja. Kisumu mpaka Mombasa kwa barabara haifiki hapo. Na ni kisiwa kingine, Hokkaido, treni inapita chini ya bahari, na ile treni yao ya kasi yenyewe haijafika Sapporo bado, inakuacha karibu na Hakodate. Na konsati ni Januari, theluji. Nikamwambia pole sista lakini si angalau hujaanguka. Nikasikia amehema kwa pua.

Nikampa mawazo. La kwanza, akatae. Akasema hukatai, kila tumaini ulilolitaja ni wewe umeomba, ukishinda unalipa, na usipolipa klabu yake inaweza kukuwekea alama mbaya safari ijayo. La pili, uza kwa bei ya juu nje ya uwanja, mbona sisi siku ya derby tunapata mpaka getini? Akasema tangu Juni 2019 wana sheria, tiketi ya aina hiyo ukiilangua ni mwaka mmoja ndani ama faini mpaka yeni milioni moja, ama vyote viwili. Na tiketi ina jina, unaweza kuombwa kitambulisho chenye picha ukifika mlangoni.

"Na kuhusu jina," akasema polepole, "mbona kiti cha pili ni chako?"

Hapo ndipo nilijua mwenzi wa safari ni nani. Ni mtu unayeenda naye. Jina ukishaliandika halibadilishwi, na tiketi mbili zimeshinda kama pacha, huwezi kulipia moja. Yeni elfu tisa na kitu kila moja, kwa hesabu za wakati huo ni kama shilingi elfu nane za kwetu. Mimi sina pasipoti. Mbali nimefika ni Malaba, na hiyo nilikuwa nasindikiza maiti.

Ingeishia hapo ingekuwa hasara ya pesa tu. Lakini hiyo simu ilikuwa kwa spika, na Mama alikuwa ameniletea chai. Alichosikia Mama ni "umeshinda," "kiti cha pili ni chako," na "Japani." Jumapili nikaitwa mbele kanisani. Sikuwa nimeambiwa. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani akaombea ndege, rubani, na mabawa ya ndege moja moja. Nikijaribu kusema jambo, wakaimba.

Kutoka hapo mambo yakajiendesha. Mama akaenda Kibuye akanichagulia koti la mitumba lenye manyoya shingoni, zito kama godoro, ukilivaa Kisumu saa saba mchana unaona malaika. Baba mdogo akaleta soksi. Mama anayetuuzia samaki pale kona akaleta omena kilo mbili, zimekaushwa vizuri, zimefungwa kwa gazeti halafu kwa karatasi halafu kwa gazeti tena, "mpelekee huyo mtoto, huko wanakula samaki wabichi, atakufa." Nikamwambia Mama ukweli usiku, pole pole, na fomu nikamwonyesha. Mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Mchungaji ameshajua?" Hapana. "Basi utasafiri."

Na nikasafiri. Wiki ya konsati nilifunga saiba, nikavaa koti, nikasindikizwa mpaka stendi na watu tisa, nikapunga mkono, nikapanda matatu ya Bondo. Nilikaa kwa mjomba siku sita ndani ya nyumba. Jua la Bondo mnalijua. Koti nililitundika nyuma ya mlango, kuku mmoja akataga mfukoni. Na omena tulikula zote, mimi na mjomba, kwa sababu zingeharibika na kwa sababu mjomba alisema ni ujinga kubeba omena kuzileta Bondo halafu uzirudishe.

Dadangu alienda kweli. Alipanda ndege Ijumaa mchana, akafika mlangoni na kode yake kwa simu, mashine ikamtolea kikaratasi cha kiti hapo hapo, maana mpaka uingie hujui utakaa wapi. Kumbe tulikuwa mbele kabisa. Nasema tulikuwa kwa sababu kiti changu kilikuwa hapo, aliweka mkoba na koti lake. Picha ndani hawaruhusu, kwa hivyo alinitumia picha ya nje tu, ukumbi na theluji. Akasema yule mwimbaji anayempenda alipita karibu akapungia mkono upande wa mkoba.

Jumapili nikarudi Kondele. Watu walinipokea vizuri sana, hilo siwezi kukataa. Nikiulizwa huko kukoje nasema baridi. Wanauliza watu wake je? Nasema watulivu. Nilikuwa nimeamua kukaa na hayo maneno mawili mpaka Pasaka, na ningeweza, hata mwalimu mstaafu alikuja akaniuliza kuhusu saa nikamwambia ilisoma Kiswahili kabisa, akafurahi.

Isipokuwa Jumanne yule mama wa samaki alipita saiba wakati dadangu yuko kwa simu tukihesabu deni langu, akaniomba aongee naye kidogo, amsalimie tu. Nikamwambia mtandao mbaya. Akachukua simu mwenyewe.

"Mwanangu! Zile omena ulizipika na nyanya ama ulizikaanga kavu?"

Kukawa kimya kule Osaka.

"Omena gani?"