Gari la zamani bado lina watu ndani

Mwandishi mmoja anauliza kwa nini serikali ya Marekani ichunguze gari lisilotengenezwa tena. Kwa sababu bado linabeba watu! Kumbukeni Chevrolet Cobalt. Swichi yake ya kuwashia ilikuwa legevu: funguo zikiwa nzito, au tairi likigonga shimo, inajizungusha, injini inazimika, usukani unakuwa mzito na mifuko ya hewa haifunguki. Mwaka 2007 ofisa wa NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani, alipendekeza uchunguzi, wenzake wakakataa. Magari yaliitwa yarudishwe kurekebishwa 2014, na mfuko wa fidia ulikubali vifo 124 katika magari ya GM (General Motors, mtengenezaji wa Cobalt) yenye swichi hiyo. Baadhi ya waliokufa ni vijana wadogo kabisa, inaniuma mno. Halafu aliyenunua mkononi mwa mtu, barua ya mtengenezaji ya kumwita arudishe gari mara nyingi haimfikii.